Hoja za Baba Liz

Osiri, Migori
Alhamisi, 8 Mei 2025

Baba Liz,

Nisamehe kwa kukawia kukuandikia. Barua yako ilifika kabla ya Pasaka na sasa ni Mei. Sina uongo wa kukupa: nilichoka tu. Naamka saa kumi kukanda unga wa mandazi, wachimbaji wanataka chai kabla hawajashuka shimoni, na Liz anaota magego mawili kwa pamoja. Kila nikishika kalamu naye anaitaka. Ukurasa wa kwanza wa barua hii aliutafuna.

Najua utasema simu ipo. Ipo. Lakini kwenye simu unanikatiza kabla sijafika katikati ya neno, halafu unasema salio limeisha. Karatasi haimkatizi mtu. Basi tuendelee hivi hivi. Boaz anapita na pikapu yake ya mahindi, Jumatatu anakuja huku, Alhamisi anarudi Homa Bay kupitia Ndhiwa, na hajawahi kukataa bahasha iliyofungwa pamoja na mandazi.

Sasa habari yenyewe. Unasema Liz aachishwe kunyonya apelekwe Lambwe, akalelewe na mama yako. Umeandika kama mtu anayeagiza gunia la mkaa. Nimesoma mara tatu nikitafuta sababu, nikapata hii: "Ni bora kwa mtoto." Bora kivipi? Mwaka mzima nimekushikia kitabu chako cha mtihani wa kuingia shule ya biashara, mimi nikinyonyesha kitandani, wewe ukitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, nikikusomea zile hoja za watu ili wewe useme kasoro iko wapi. Ni wewe uliyeniambia kwamba hitimisho lisilo na sababu ni kelele. Basi nipe sababu nizitazame. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne. Hapakiwi juu ya mahindi.

Nilikuja huku kwa dada yangu Dorah kwa makubaliano yetu wawili, mpaka umalize mtihani. Ulisema kilio cha mtoto kinakuvuruga. Nikafunga mizigo bila neno. Usinione sasa kama niliyetoroka.

Kile kikohozi chako umeenda kukionyesha?

Emmaculate


Homa Bay mjini
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mama Liz,

Nimepokea. Nitajibu kwa mpangilio, kwa kuwa barua yako haina.

Kwanza. Tulipokaa wote hapa Homa Bay, Liz hakuugua hata siku moja. Mlihamia Osiri Februari, na Machi akashikwa na homa. Kwa hivyo Osiri ndiko kunakomfanya augue.

Pili. Mimi nililelewa Lambwe na dani, nyanya yetu. Ndugu yangu Sammy vilevile. Sote wawili tuna digrii. Kwa hivyo mtoto wa familia hii akilelewa na nyanya yake anafika mbali.

Tatu. Nimewauliza watu sita ofisini. Wote sita wanakubaliana nami. Hao ni watu waliosoma.

Nne. Njia ni mbili tu. Ama Liz akue Lambwe apate shule, ama akue Osiri awe mtoto wa machimbo asiyejua kuandika jina lake. Chagua.

Sipendi kukuumiza, lakini kushika kitabu si kukielewa. Wewe unafunga mandazi kwa magazeti kila siku, na hilo halijakufanya mhariri.

Na hicho kitabu kiko kwako. Nimepekua kabati lote. Lazima kilipakiwa pamoja na nepi. Mtihani wangu ni tarehe 17 Juni. Mpe Boaz Alhamisi hii, bila kukosa.

Jeff Maranga


Osiri
Alhamisi, 15 Mei 2025

Baba Liz,

Umejibu upesi, ahsante. Nimekusahihisha.

Swali la kwanza. Unakumbuka ile kampuni ya viatu iliyopaka duka rangi mpya, mauzo yakapanda, meneja akasema rangi ndiyo iliyouza? Ulikubaliana na meneja. Nikakusomea jibu: shule zilikuwa zimefunguliwa mwezi uleule. Wiki iliyofuata nikakuuliza tena, ukakubaliana na meneja tena. Leo umegeuka meneja mwenyewe. Machi mvua zilianza, mbu wakaanza, na homa ikashika watoto wa Osiri, wa Ndhiwa, na wa huko huko Lambwe unakotaka kumpeleka. Halafu "hakuugua hata siku moja"? Kijitabu cha kliniki kiko hapa mbele yangu. Novemba, kifua. Januari, kuhara siku nne. Wewe ulikuwa chumba cha pili umeziba masikio kwa pamba.

La pili. Dani alilea wajukuu saba. Umenionyesha wawili. Wale watano umewafunika na nini? Jared, mtoto wa shangazi yako, si alilala mkeka mmoja na wewe? Alikula uji uleule. Leo hata ng'ombe haachiwi achunge. Na dani mwenyewe ameshazikwa. Unayemtaka alee Liz ni mama yako, mtu mwingine kabisa, mwenye goti baya na shamba na mboga za kuuza.

La tatu. Hao watu sita, wangapi wewe ndiye unayewatilia sahihi likizo zao? Nijuavyo ni watano. Huyo wa sita ni mlinzi.

La nne. Njia mbili! Juu ya kilima hapa kuna shule ya chekechea, nasikia watoto wakiimba herufi nikipika. Hiyo ni njia ya tatu. Ya nne ni sisi kurudi kwako tarehe 18 Juni, kama tulivyokubaliana. Umeiruka hiyo, na hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Sufuri kwa nne. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na huruma, angalau alama ya mwandiko alitupa.

Kinachonisikitisha ni kwamba hoja moja nzuri ulikuwa nayo, na hukuiona. Zebaki. Wanaosha dhahabu nayo hapa kwa mikono mitupu, na mama mwenye akili lazima aiogope. Ungeandika hiyo peke yake ningekaa chini nikajibu kwa heshima. Basi nakujibu hata hivyo: ndiyo sababu Dorah na mimi tulihamisha kibanda mbali na wanakooshea, maji yetu yanatoka kisima cha kanisa, na Liz hajakanyaga kule hata siku moja. Mtu anajiandaa kwa mtihani wa watu wakubwa, anaacha kitu cha kweli mezani, anakuja na mlinzi wa geti.

Mniko, mchimbaji mmoja Mkuria anayekunywa chai hapa, alinisikia nikisoma barua yako kwa sauti. Akasema, "Mama Liz, huyu bwana yako ako na digrii ya nini?" Nikamwambia ya uchumi. Akaomba chai nyingine, akasema, "Basi Kenya tuombewe."

Kitabu ninacho. Hakikupakiwa na nepi. Nilikichukua nikijua. Nilikuwa napata majibu kabla yako, na nilitaka kujua kama ilikuwa bahati. Kitarudi kabla ya mtihani, nimebakiza sura mbili.

Usidhani nafurahia haya. Ningekuwa sikujali ningekubali tu, ama ningenyamaza. Liz akiona mtu yeyote mwenye miwani anamwita baba. Juzi alimwita hivyo mkaguzi wa afya.

Emmaculate


Homa Bay
Jumatatu, 19 Mei 2025

Emmaculate,

Kwa hivyo mwenye D ya kidato cha nne ananipa mimi sufuri, na mchimba mashimo anacheka. Mambo yangu ya nyumbani yanasomwa kibandani. Vizuri sana.

Sikutaka kulisema hili, umenilazimisha. Mama ndiye aliyesema. Machi ulipanda maharagwe kabla mama mkwe wako hajapanda. Unajua sheria ya kwetu: mke wa mwana hamtangulii mama wa boma kutia mbegu ardhini. Ulitangulia, na mtoto akaugua wiki ileile. Hiyo ni chira. Mwiko ukivunjwa, mtoto ndiye anayedhoofika, na dawa ni arudi bomani kwao. Mama analia kila siku. Kitabu hakina sura ya kujibu hilo, kwa hivyo usijisumbue kutafuta.

Sibishani tena. Jumamosi tarehe 31 nitafika na Mama kumchukua mtoto. Mfungashie nguo zake zote. Na kitabu kiwe juu ya meza.

J. Maranga


Osiri
Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwa Mama Marcella, Lambwe

Mama,

Bwana asifiwe. Natumai goti limepungua na mboga hazikuharibiwa na ile mvua ya mawe. Sijawahi kukuandikia barua, nivumilie. Nimemwomba Boaz akupe mkononi pale Ndhiwa sokoni, asimwachie mtu.

Baba Liz ameniandikia kwamba unasema nilivunja mwiko nikapanda kabla yako, na Liz amepata chira, na mnakuja kumchukua. Mama, mimi sidharau mila. Kama ulisema, niambie nifanye nini, nitakuja Lambwe kwa miguu yangu niombe msamaha mbele ya watu. Mume wangu nimembishia kwa kalamu na sijutii. Wewe sitakubishia.

Lakini lazima nikwambie ninachokijua. Homa ya Liz ilianza tarehe 11 Machi, imeandikwa kliniki. Maharagwe nilipanda tarehe 14, akiwa ameshapona, nimembeba mgongoni. Sijui kama chira huja kabla ya kosa. Wewe ndiye unayejua.

Na kuna neno moja linanikosesha raha. Anasema mtakuja wote wawili siku ya Jumamosi. Mama, tangu niolewe sijakuona ukipanda gari siku ya Sabato. Hata dani alipolazwa Homa Bay jioni ya Ijumaa, ulitembea usiku na mchana na ukafika ukiwa umevimba miguu. Nimejiuliza, je, huyu anayelia kila siku na kusafiri Sabato ni mama ninayemjua?

Liz hajambo. Ana meno kumi na mawili na ananiuma.

Mke wa mwanao,
Emmaculate


Ndhiwa sokoni
Jumatatu, 26 Mei 2025

Nyar Osiri, binti wa Osiri, binti yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako nimeisoma nimesimama, wateja wakiniita nisiwasikie. Nakujibu hapa hapa juu ya debe, Boaz anapiga honi.

Sikusema. Na sijalia. Nikianza kulia nitaililia ile miaka niliyomsomesha mtu asiyejua desturi ya kwao. Mwiko wa kupanda ni wa mashamba ya boma langu. Wewe ulipanda Osiri kwa dada yako, ardhi ya watu wengine kabisa. Nitangulieje kupanda shamba la watu wa Osiri? Nipande basi na la Migori mjini! Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua hilo. Anataka kunitumia mimi kukutisha, na hata kutisha hajui. Na Sabato ameisahau. Mtoto niliyemfundisha amri kumi akiwa na miaka mitatu.

Sasa kuna jambo nilikuficha, na ninajuta. Aprili alikuja Lambwe na fomu na cheti cha kuzaliwa cha Liz. Kuna msaada wa masomo kwenye hiyo shule ya biashara, ng'ambo, wa watu wasio na mke wala mtoto wa kutunza. Akataka nitie sahihi kwamba mimi ndiye mlezi wa Liz, halafu naibu wa chifu apige muhuri. Nimekuwa karani wa kanisa miaka kumi na tisa. Sitii sahihi nisichosoma. Nikavaa miwani, nikasoma. Hali ya ndoa: hajaoa. Mama wa mtoto: hajulikani alipo.

Nikamwuliza, "Jeff, Emmaculate amepotea lini?"

Akasema, "Mama, hayo ni maneno ya fomu tu."

Nikamwambia, "Fomu haina mdomo. Huu mwandiko ni wa nani?"

Akatazama ng'ombe. Sikutia sahihi. Na naibu wa chifu naye alimwambia hapigi muhuri mpaka amwone mtoto kwa macho yake bomani kwangu. Ndipo alipoanza hizi mbio zake. Anadhani nikishampakata mjukuu wangu nitalainika na kalamu itatembea yenyewe. Nilinyamaza nikidhani ataona haya. Nisamehe kwa hilo.

Jumamosi mimi nitakuwa kanisani. Akija peke yake mpe uji, usimpe mtoto.

Mama yako,
Marcella


Osiri
Alhamisi, 29 Mei 2025

Jeff,

Nimepata barua ya mama yako, kwa mwandiko wake. Hakusema. Hakulia. Haji.

Sura ya mwisho ya kitabu chako inahusu kile ambacho mwandishi wa hoja hakusema, ile dhana anayoikalia ili watu wasiione. Kinasema ukikuta sababu nyingi dhaifu zimepangwa vizuri, acha kupigana nazo moja moja, uliza mtu huyu anahitaji nini kiwe kweli. Mimi nilipoteza wiki mbili nikipigana na homa yako na dani wako na mlinzi wako wa geti. Hakuna hata kimoja ulichokiamini. Ulijaza fomu Aprili, halafu Mei ukatafuta dunia iliyofanana na fomu.

"Hajulikani alipo." Umeniandikia barua tatu, Jeff. Bahasha zote zina jina langu na Osiri, kwa mkono wako. Boaz ananijua. Mniko ananijua. Mkaguzi wa afya ananijua. Mtu pekee Kenya hii asiyejua niliko ni yule anayejua.

Nimejaribu kukuonea huruma na imekuja kidogo kidogo. Najua unavyoitaka hiyo shule. Nilikuwapo ulipofeli mara ya kwanza, nilikupikia, nikawaambia majirani mfumo ulikwama. Ungeniambia, "Emma, kuna nafasi, lakini wanataka mtu asiye na familia, tufanyeje?" ningekaa nawe mpaka tupate nafasi ya mtu mwenye familia. Ipo. Imeandikwa nyuma ya kitabu chako, ukurasa wa orodha, umeiwekea mviringo mwenyewe kwa kalamu nyekundu halafu ukaiacha. Inataka alama za juu zaidi, basi. Kwa hivyo ilikuwa rahisi kunifuta mimi kuliko kusoma. Na chira! Ulichukua kitu ambacho mama yako anakiogopa kwa dhati, ukanirushia kama mpira wa karatasi. Mwenye D ya kidato cha nne hangefanya hivyo, maana yeye hajasoma vya kutosha kujidanganya kwa mpangilio.

Sasa sikiliza, hapa sibembelezi. Liz haendi Lambwe. Haachi kunyonya kwa sababu ya muhuri wa mtu. Jumamosi ukitaka kuja, njoo kama baba. Utamkuta hapa, utamwona meno yake, utacheza naye, utakunywa uji mama yako alionielekeza nikupe. Utaondoka kama ulivyokuja, mikono mitupu. Nimemwambia Dorah, na Mniko na wenzake wamesema watakunywa chai pole pole siku hiyo.

Kuhusu tarehe 18 Juni, kurudi kwetu Homa Bay, sijaamua. Sitakuja kukaa kwa mtu aliyeandika kwamba hajaoa. Akiandika vingine, nitasoma, halafu tutaona.

Kitabu Boaz anacho, kimefungwa kwa mfuko wa unga. Sikuchana ukurasa hata mmoja. Pembeni nimeandika kwa penseli pale unapokosea kila mara, yaani pale kitu kinapofuata kingine, na pale wachache wanapowasemea wengi. Soma hizo kwanza. Utafaulu? Sijui. Sina ushahidi wa kutosha, na sisemi zaidi ya ushahidi nilio nao. Lakini lala mapema, na kikohozi kionyeshe kwa daktari, nimekwambia mara tatu.

Boaz anarudi huku Jumatatu tarehe 2 Juni. Nahitaji yafuatayo yawe ndani ya pikapu:

Cheti cha kuzaliwa cha Liz, chenyewe, si kopi.

Neti yake ndogo ya bluu, iko nyuma ya mlango wa chumba.

Viatu vyake vya kufunga, ulisema Februari umenunua. Kama hukununua, sema hukununua. Sasa anavaa namba ishirini na mbili.

Ile fomu ya Aprili, kurasa zote, na kama kuna nyingine uliyoikosea ukaikunja, hiyo pia.

Barua yako kwa naibu wa chifu kwamba umeliondoa lile ombi, na kopi yangu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Na ukiomba ule msaada mwingine, kopi ya fomu hiyo mpya kabla hujaituma, ijazwe hivi, usiongeze wala usipunguze: Hali ya ndoa, ameoa. Watoto, mmoja. Anaishi na, mama yake. Jina la mama, Emmaculate Aoko. Mahali alipo, Osiri, kibanda cha tatu chini ya shule ya chekechea, anapatikana kila siku kuanzia saa kumi alfajiri.

Emmaculate Aoko